Hazina ya Umma na Mwanafunzi wa Chuo Kikuu

Sifa zote njema zamstahili Mwenyezi Mungu, aliyemtukuza mwanadamu kwa akili na kwa ulimi. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila mwenye kuifuata njia yao. Amma baadu.

Waheshimiwa mashekhe na walimu wa madrasa, wazee wa mitaa, akina mama, na nyinyi vijana mlio shuleni:

Kuna neno linalosemwa sana katika baraza za Buyenzi, na katika maduka ya Ruvumera, na hata nje ya misikiti baada ya sala ya Ijumaa. Neno lenyewe ni hili: kijana aliyeshinda mtihani wa serikali mwisho wa masomo ya sekondari, akapata nafasi katika chuo kikuu, ni nani apasaye kulipa gharama za masomo yake? Ni serikali? Ni baba yake? Au ni yeye mwenyewe, kwa kukopa leo na kulipa kesho? Wako wasemao kwamba serikali ilipe yote. Wako wasemao kwamba kila mtu abebe mzigo wake. Na wengi hulisema jambo hili kwa hasira, kwa sababu limewagusa majumbani mwao. Hasira si mizani. Yafaa basi jambo hili lipimwe kwa akili, na kwa dini, na kwa mambo yaliyokwisha kutukia hapa Burundi na kwa majirani.

JINSI MAMBO YALIVYOKUWA

Zamani za Wabelgiji hapakuwa na chuo kikuu katika nchi hii. Shule kubwa iliyosifika kuliko zote ilikuwa ile ya Astrida, upande wa Rwanda, iliyoanzishwa mwaka 1929. Iliendeshwa na watawa wa Kikatoliki kwa msaada wa fedha za serikali, na waliosomeshwa humo hasa walikuwa watoto wa machifu wa Ruanda na Urundi, wapate kuwa watawala, makarani na wasaidizi wa matabibu. Hapo lionwe jambo la kwanza. Hata serikali ya kikoloni, ambayo haikujulikana kwa ukarimu, ilipotaka watu wa kufanya kazi zake iliwagharimia masomo. Haikungoja baba zao wauze ng'ombe.

Masomo ya juu yalianza hapa Usumbura mwaka 1960, na mapadri wa Kijesuiti walikuwa na mkono mkubwa katika kazi hiyo. Mwaka 1964, miaka miwili baada ya uhuru, vyuo vilivyokuwapo viliunganishwa vikawa Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura. Mwaka 1973 kikaunganishwa na chuo cha ualimu na chuo cha utawala, na tangu 1977 kikaitwa Chuo Kikuu cha Burundi. Katika miaka ile wanafunzi walikuwa wachache, na nchi changa ilikuwa na viti vingi vitupu maofisini, mahospitalini na mashuleni. Kwa hiyo serikali ilimpa mwanafunzi masomo, na malazi, na chakula, na fedha kidogo ya matumizi. Msaada huo ndio watu wauitao buruse. Aliyemaliza chuo alikuwa akingojewa na kazi, na fadhili aliyotendewa aliilipa kwa kuutumikia umma.

Kisha watu wakawa wengi. Mwaka 2005 serikali iliondoa karo ya shule za msingi, ile iitwayo minervali, na watoto wakamiminika madarasani hata walimu wakashindwa mahali pa kuwaketisha. Watoto wale hawakubaki kuwa watoto. Walipanda darasa baada ya darasa, wakafika sekondari, wakafika mlangoni mwa chuo kikuu. Papo hapo vikazuka vyuo vya watu binafsi na vya madhehebu: Chuo Kikuu cha Ngozi mwaka 1999, Chuo Kikuu cha Hope Africa kilichohamia Bujumbura kutoka Nairobi mwaka 2003, Chuo Kikuu cha Ziwa Tanganyika, na vinginevyo. Huko mzazi hulipa mwenyewe. Na mwaka 2018 serikali iliigeuza buruse kuwa mkopo, ili mwanafunzi atie sahihi mkataba na kurudisha fedha akisha kupata kazi. Mwezi wa Machi mwaka huo wanafunzi wakagoma. Walihofu kutwishwa deni katika nchi ambamo wasomi wengi huhitimu na kukaa miaka bila ya ajira.

Hivyo ndivyo swali lilivyotoka katika vitabu vya sheria likaingia katika nyumba za watu.

HOJA ZA PANDE MBILI

Wenye kusema kwamba serikali isilipe wana hoja zao, na haifai kuzipuuza.

Wasema, kwanza, kwamba hazina ni ndogo. Burundi ni katika nchi maskini kabisa duniani. Faranga inayokwenda chuo kikuu ni faranga isiyokwenda shule ya msingi, ambako watoto hubanana kwenye deski moja na kitabu kimoja hupita mikononi mwa wengi. Wasema, pili, kwamba afaidikaye na shahada ni mwenyewe: ndiye atakayepata cheo, na mshahara, na nyumba. Mwashi aliyejifunza kazi yake kwa fundi pale Buyenzi hakulipiwa na mtu; mbona akatwe kodi kumsomesha wakili? Wasema, tatu, kwamba cha bure hakitunzwi. Aliyelipiwa kila kitu huweza kukaa chuoni miaka mingi, akifeli na kurudia, kwa kuwa hakuna kinachomuuma.

Wenye kusema kwamba serikali ilipe nao hujibu hivi. Daktari hajitibu mwenyewe. Akisomeshwa mmoja wa Buyenzi, hutibiwa wa Kamenge na Kinama na Rumonge. Mwalimu mmoja wa hesabu hufundisha watoto elfu kabla hajastaafu. Basi faida ya masomo ya juu si ya mtu mmoja, na kwa hiyo gharama yake isiwe ya mtu mmoja. Tena wasema: ikiwa chuo ni cha mwenye fedha, basi nchi itatawaliwa na kutibiwa na kuhukumiwa na watoto wa wenye fedha peke yao, kizazi baada ya kizazi. Mtoto wa mjane auzaye ndagala kando ya njia, hata akiwa na akili kama moto, atabaki pale pale mamake alipo.

Pande zote mbili zina haki katika baadhi ya maneno yao. Ndiyo sababu hapana budi kutazama dini yasemaje.

DINI YASEMAJE

Jambo la kwanza alilofunuliwa Mtume, rehema na amani zimshukie, katika pango la Hira lilikuwa amri ya kusoma. Hili kila mtoto wa chuo cha Kurani alijua. Lakini liko jambo jingine ambalo halitajwi mara nyingi, nalo lahusu hasa swali hili la nani alipe.

Baada ya vita vya Badr, katika mwaka wa pili wa Hijra, Waislamu walikuwa na mateka wapatao 70 wa Makka. Desturi ya wakati ule ilikuwa mateka kukombolewa kwa fedha, na tajiri wa Kikuraishi aliweza kutozwa hata dirhamu 4,000. Waislamu wa Madina walikuwa na dhiki. Wengi walikuwa Muhajirina walioacha mali zao zote Makka. Kila dirhamu ilikuwa na kazi. Hata hivyo, vitabu vya sira vyaeleza kwamba mateka asiyekuwa na fedha, lakini akajua kuandika, aliambiwa awafundishe watoto 10 wa Madina kuandika. Wakisha kujua, yu huru.

Tazameni hekima iliyomo humo. Fidia ile ilikuwa mali ya umma. Mtume aliyekuwa kiongozi wa dini na wa dola aliiacha mali hiyo, akaipokea kwa sarafu nyingine, nayo ni elimu ya watoto. Wala watoto wale hawakutozwa kitu, wala baba zao. Tena walimu wenyewe walikuwa washirikina, na somo lenyewe halikuwa sala wala saumu. Lilikuwa kuandika, elimu ya dunia. Basi atakayesema kwamba mali ya umma haina kazi katika kusomesha, au kwamba elimu isiyo ya dini haimhusu Mwislamu, na aikumbuke Madina.

Wanavyuoni baadaye waligawanya elimu mafungu mawili. Iko ambayo ni faradhi kwa kila mtu, kama vile kujua namna ya kusali. Na iko ambayo ni faradhi ya kutosheleza: wakiijua baadhi ya watu kwa kiasi cha haja, wengine wote wamesalimika, asipopatikana wa kuijua, mji mzima umepata dhambi. Imamu Ghazali, katika kitabu chake cha Ihyaa, aliutaja utabibu na hesabu katika fungu hili la pili, na akawalaumu watu wa zama zake waliorundikana katika elimu ya mabishano ya sheria huku miji ikikosa matabibu Waislamu. Ikiwa dhambi ya kukosa tabibu ni ya mji mzima, basi gharama ya kumpata nayo ni ya mji mzima. Hukumu hiyo yafuata yenyewe.

Na Waislamu wa kale waliifuata kwa vitendo. Mwaka 859 mwanamke mmoja, Fatima al-Fihri, alitoa urithi wake ukajengwa msikiti wa Qarawiyyin katika mji wa Fez, na msikiti huo ukaja kuwa mmoja wa vyuo vikongwe kabisa duniani. Waziri Nidhamul-Mulk alifungua chuo cha Nidhamiya mjini Baghdad mwaka 1067, akakiwekea wakfu, ili walimu wapate mishahara na wanafunzi wapate posho. Imamu Ghazali mwenyewe alifundisha humo. Katika Azhar ya Misri, kwa karne nyingi, mwanafunzi maskini aliyetoka mbali alipewa mkate wake wa kila siku kutokana na mali ya wakfu. Hawakuachiwa baba zao peke yao. Wala haikuachiwa dola peke yake. Mtawala alitoa, tajiri alitoa, mwanamke alitoa urithi wake, na mwanafunzi alitoa miaka ya umri wake.

MAJIRANI WALIVYOFANYA

Tanganyika ilifungua chuo kikuu chake mwaka 1961 huko Dar es Salaam, na serikali ikabeba gharama. Mwaka 1966 serikali ilipowataka wahitimu waingie katika Jeshi la Kujenga Taifa, na kwa muda wapokee sehemu tu ya mishahara yao, wanafunzi waliandamana tarehe 22 Oktoba hadi Ikulu. Rais Nyerere aliwafukuza chuoni wapatao 400 wakarudi makwao, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wako waliomwona mkali, na wengi katika wale vijana walirudishwa baadaye. Lakini somo lilibaki: wakulima waliokuwa wakilima kwa jembe la mkono ndio waliomlipia yule kijana, na wana haki ya kudai jasho lao.

Miaka ya taabu ilipoingia, mkono wa serikali ukalegea. Kwa sheria ya mwaka 2004 Tanzania iliunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Mwaka 2016 makato yakapandishwa hata asilimia 15 ya mshahara wa mdaiwa, na juu ya hayo palikuwa na nyongeza ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Vijana wakalia kwamba deni hukua badala ya kupungua. Mwaka 2021 serikali ikaiondoa nyongeza hiyo.

Kenya ilianza mikopo ya wanafunzi mwaka 1974. Wakopaji wengi wakaudhania mkopo ule kuwa zawadi, wala hawakulipa. Hata ikabidi mwaka 1995 iundwe bodi yenye nguvu ya kudai. Hapo yaonekana kwamba mkopo usio na mdai ni zawadi yenye jina la uongo, na aliyekosa ni yule mdogo ajaye nyuma, kwa kuwa fedha aliyongojea haikurudi.

Uganda ilikuwa na Makerere tangu 1922, na kwa miaka mingi aliyeingia humo alilipiwa. Katika miaka ya 1990 mlango ukafunguliwa kwa wajilipiao, nao wakaja kuwa wengi kuwashinda wanaolipiwa. Ikaonekana jambo la ajabu: nafasi za serikali, zilizokuwa chache, aghalabu zilichukuliwa na watoto waliosoma shule bora za gharama kubwa, kwa maana ndio waliofaulu zaidi. Maskini akabaki nje, akitazama tajiri akilipiwa.

Basi kwa majirani hawa watatu yaonekana kwamba kulipa kwa serikali peke yake si uadilifu uliokamilika. Swali lililo zito kuliko yote ni hili: serikali yamlipia nani?

NENO JUU YA RIBA

Kabla ya kulijibu swali hilo, kuna jambo ambalo kwa Mwislamu haliwezi kupitwa. Mkopo ni halali, na kumkopesha mwenye haja ni ibada. Nyongeza juu ya mkopo ni riba, na riba ni haramu. Serikali ikikopesha kwa kurudishiwa kile kile ilichotoa, hapana ubaya. Ikitaka zaidi, kijana Mwislamu huwekwa njia panda, elimu upande huu na dini upande ule.

Jambo hili si la Burundi peke yake. Huko Uingereza, ambako masomo ya chuo kikuu yalianza kutozwa ada mwaka 1998, na ada hiyo ikafika pauni 9,000 kwa mwaka mnamo 2012, wako vijana Waislamu walioacha kwenda chuoni kwa kuogopa riba ya mikopo. Serikali yao ilikubali kutafuta njia isiyo na riba, na sheria ya mwaka 2017 ikairuhusu. Hata hivyo mwaka 2024 ulipoingia vijana walikuwa bado wakingoja. Ujerumani, kwa upande mwingine, ilikuwa imekwisha kuondoa ada katika vyuo vyake vya serikali ilipofika 2014. Kwa hiyo mkopo wenye nyongeza si amri ya mbinguni. Ni uamuzi wa watu, na watu wakizungumzwa nao kwa adabu na kwa hoja huweza kuubadili.

HESABU YA BUYENZI

Sasa yafaa kufika nyumbani.

Waislamu wa mji huu ni wazao wa wafanyabiashara, mafundi na askari waliotoka Ujiji, na Manyema, na Pwani, na wa Warundi waliosilimu. Wengi wao walijenga Usumbura tangu ilipokuwa kituo cha Wajerumani. Walipokuja Wabelgiji, shule karibu zote zilikuwa mikononi mwa misheni, zikisaidiwa na fedha za serikali. Wazazi Waislamu walichelea watoto wao wasije wakabatizwa, na hofu yao haikuwa ya bure. Wakatosheka na chuo cha Kurani na ufundi wa mikono. Kwa hiyo Buyenzi ikasifika kwa mafundi wa magari, na mafundi cherehani, na wafua vyuma, na wauzaji wa vipuri. Lakini katika wale waliotoka Astrida, na baadaye katika wale wa kwanza wa chuo kikuu, majina ya Waislamu yalikuwa ya kutafuta.

Hofu ile ilikuwa na sababu yake katika zama zile. Lakini sababu imekwisha, na desturi imebaki. Shule za serikali zi wazi kwa wote, na watoto wa Kiislamu huingia. Pamoja na hayo, wangapi hutoka katikati ya njia? Kijana wa miaka 14 aonapo rafiki yake apata faranga gereji, daftari humchosha. Binti hutolewa shuleni kwa sababu mchumba amekuja, au kwa sababu nduguze wadogo wataka mlezi.

Hapo ndipo ilipo hasara ambayo haiandikwi katika daftari lolote. Tangu mwaka 2009 pana kodi ya TVA, asilimia 18, juu ya bidhaa nyingi za dukani. Anunuaye bidhaa hizo huilipa, awe tajiri au maskini, awe na mtoto chuoni au hana. Fundi wa Buyenzi hulipa, muuza vitenge wa Ruvumera hulipa, na yule mjane wa ndagala hulipa kila anunuapo. Katika hazina hiyo ndimo hutoka mishahara ya maprofesa, na majengo ya Mutanga, na buruse zilizotolewa zamani, na mikopo iliyokuja badala yake. Kila mtaa umechangia. Lakini huvuna yule tu ambaye mtoto wake amefika mlangoni. Mtaa ambao watoto wake huacha shule darasa la nane huwasomesha watoto wa mitaa mingine, mwaka baada ya mwaka, wala haupewi hata shukrani, kwa kuwa hakuna ajuaye kwamba umetoa.

Basi mzazi alalamikaye kwamba serikali haisaidii chuo kikuu, ilhali mwanawe amemtoa shuleni akiwa na miaka 14, amelia mbele ya nyumba isiyo yake. Malalamiko hayo yatakuwa na nguvu siku ile Buyenzi itakapokuwa na vijana mia waliofaulu, wamesimama mlangoni, wakikosa ada tu.

YAPASAYO KUTENDWA

Kwa hayo yote, jibu la swali ni kwamba mzigo huu ni wa mikono mitatu, na kila mkono una pahali pake pa kushika.

Mkono wa kwanza ni wa serikali. Yaipasa imlipie kijana maskini aliyefaulu, na kumlipia kweli, si nusu. Aliye na uwezo na achangie kwa kadiri ya uwezo wake. Si haki mtoto wa tajiri alipiwe na mjane. Elimu ambayo nchi inaihitaji kwa dharura, kama ya uganga, ualimu na kilimo, na iwe msaada wala isiwe deni, kwa sharti kwamba msomaji atatumika miaka kadhaa pale atakapopelekwa, hata ikiwa ni mlimani mbali na mji. Kwa masomo mengine mkopo si dhuluma, maadamu hauna nyongeza, na maadamu haudaiwi mpaka mdaiwa apate riziki. Kumdai asiye na kazi ni kinyume cha mafunzo ya Kurani, ambayo yameamuru mdaiwa mwenye dhiki apewe muda.

Mkono wa pili ni wa mwanafunzi. Nyinyi vijana, kijueni mlichoshika. Kila mwaka wa chuo ni mikono ya watu wengi msiowajua. Mwenye kukopa na aandike nia ya kulipa siku ile ile anapotia sahihi, kwa kuwa deni la hazina ni deni la kila raia, na atakayelikimbia atakutana na wadai wake wote Siku ya Hesabu. Na mwenye kupewa bure na akumbuke kwamba hajapewa bure, amepewa amana.

Mkono wa tatu ni wa jamaa ya Waislamu wenyewe, na huu ndio ulio karibu kuliko yote, kwa sababu haungoji amri ya waziri. Kuanzia mwaka 2013 elimu ya msingi ya nchi hii imekuwa ya miaka 9, na baada yake kuna sekondari. Katika miaka hiyo ya kati ndimo watoto wanamopotelea. Basi humo ndimo fedha ya jamaa ifanye kazi. Na uwekwe mfuko, au wakfu wa duka moja au nyumba moja ya kupangisha, mapato yake yalipe minervali ya sekondari, na vitabu, na taa ya kusomea usiku. Mwanafunzi fukara huingia katika fungu la mafakiri na maskini, na zaka humfikia. Arusi zenye gharama za siku tatu zaweza kupunguzwa siku moja, na siku hiyo ikasomesha mtu mwaka mzima.

Jambo hili si ndoto. Mwaka 1959 Tom Mboya na wenzake waliwapeleka vijana 81 Marekani kwa masomo; nauli ya ndege ilichangwa na wahisani huko Marekani, na huku nyumbani vijiji vilichanga fedha za matumizi ya wanao, wakati serikali ya kikoloni haikutaka hata kusikia habari hiyo. Huko Kampala, Mwana wa Mfalme Badru Kakungulu alitoa ardhi yake ya Kibuli pakajengwa msikiti na shule, na katika shule hizo wakatoka wasomi wa kila kazi. Huko Mombasa, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kilifunguliwa Chuo cha Elimu ya Waislamu kufundisha ufundi: Sultani wa Zanzibar alitoa, Aga Khan alitoa, Mabohora walitoa, na serikali ya Kiingereza nayo ikatoa. Chuo kile leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Na Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, pale Mbale, kilifunguliwa mwaka 1988 na wanafunzi 80 tu. Katika kila mfano, wenyewe walitangulia kutoa, au walitoa bega kwa bega na serikali. Hakuna hata mmoja uliosimama kwa kulalamika.

Wala binti asisahauliwe. Msikiti wa Fez ulijengwa kwa urithi wa mwanamke. Hospitali za Bujumbura zina akina mama wa Kiislamu wanaoona haya kumwonyesha mganga wa kiume maradhi yao, nao hukaa na maradhi hayo mpaka yawaue. Mganga wa kike hatapatikana kwa kuombwa tu. Atapatikana kwa binti mmoja kuachwa amalize shule, kisha chuo, huku mchumba akingoja. Atakayemzuia bila ya udhuru na ajue kwamba amewazuilia tiba mama zake mwenyewe.

Enyi wasikilizaji watukufu, serikali ina deni lake, na yapasa ikumbushwe kwa adabu na kwa kudumu. Lakini kidai cha mtu mwenye kutimiza sehemu yake husikika mbali kuliko kidai cha mwenye mikono mitupu. Watoto walio darasa la sita mwaka huu watafika mlangoni mwa chuo kikuu baada ya miaka michache. Kufika kwao, au kutofika, kutaamuliwa kwanza katika nyumba za Buyenzi kabla halijaamuliwa lolote maofisini.

Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wa mji huu milango ya elimu yenye manufaa. Awape watawala uadilifu, awape matajiri mikono mikunjufu, awape wazazi subira, na awape wanafunzi uaminifu wa kulipa wanachodaiwa. Ailinde Burundi na watu wake wote katika amani. Amin.

Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.